Damu Niliyoazima Ihanda

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wa waliosema bado wako hai, na siku hizi wananisalimia wakiwa wamevua kofia.

Walisema mtoto wa mkulima wa kahawa wa Ihanda hawezi kupata nafasi ya kusoma Ulaya. Nikaipata. Walisema baridi ya huko itaniua kabla ya mtihani wa kwanza. Nikarudi na diploma ya maabara, hadubini yangu mwenyewe, na koti ambalo hata Juni ya Mbozi haijawahi kulihitaji. Walisema Tunduma hakuna mtu mwenye akili atakayelipa fedha apigwe sindano ya kidole na kijana wa Ihanda. Nikafungua maabara binafsi mita mia mbili kutoka mpakani, na madereva wa malori wakajipanga tangu asubuhi, wengine wakiwa na malaria, wengine wakitaka tu kukaa kivulini.

Lakini lililoniuma ni la mwisho. Alilisema baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba, mbele ya ukoo mzima, akiwa ameegemea kitanda cha kuanikia kahawa.

“Diploma umepata,” alisema. “Utapata na digrii. Ubunge nao utaupata, maana maneno unayo. Lakini damu ya ukoo huu, hutapata hata tone.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeifuata damu hiyo kwa ajili ya binti yangu.

Binti huyu ni mtoto wangu wa pili. Alipofika miaka saba alikuwa na urefu wa mtoto wa miaka minne, tumbo mbele, miguu kama ya korongo, na alikuwa akiharisha hivi kwamba mama yake aliacha kuhesabu. Nilimpima kila kitu ambacho hadubini yangu iliweza kukiona. Malaria, hakuna. Minyoo, hakuna, ingawa nilimpa dawa mara nne ili minyoo isidhani tunaidharau. Mjini walikuwa na jibu lao, lile ambalo mji wa malori huwa nalo tayari kwa kila anayekonda. Tukampima na hilo. Hakuna. Damu yake tu ilikuwa hafifu, na kila mwezi ilizidi kuwa hafifu.

Kwa mtu mwenye kibao mlangoni kilichoandikwa MTAALAMU KUTOKA ULAYA, mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini, tena anayelala chumba cha pili, si tangazo zuri.

Sasa nieleze tulivyokuwa tukila, maana bila hilo hutaelewa. Mimi sikuvuka bahari ili nirudi kula ugali. Nyumbani kwangu asubuhi ilikuwa mkate wa kukatwa kutoka Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, au chapati. Saa nne maandazi. Jioni mara nyingi tambi, ambazo nilijifunza kuzipika huko nilikosoma na nikawafundisha wa nyumbani. Ugali ulipikwa, ndiyo, kwa ajili ya mlinzi.

Tena kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ukimpelekea mgonjwa unga wa mahindi watu watauliza kama mnaudhiana. Unampelekea mkate, biskuti na soda. Na kwa kuwa binti yangu aliumwa muda mrefu, na mimi ni mtu ninayejulikana, rafu iliyokuwa juu ya kitanda chake ilijaa kuliko duka la jirani. Alipokosa hamu ya ugali tulimpa mkate. Alipotapika mkate tulimpa biskuti, kwa kuwa ni laini.

Kila mwaka msimu wa kuchuma kahawa tulimpeleka Ihanda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alirudi na mashavu. Mwezi mmoja Tunduma, mashavu yakaondoka. Mke wangu akasema nyumba yetu imetupiwa kitu na mwenye wivu. Nilimcheka kisomi. Nikamweleza kwamba tatizo ni maji, na nikaanza kukodi gari dogo lilete mapipa ya maji kutoka chemchemi ya Ihanda kila Jumamosi. Vijana wa mpakani waliponiona nashusha mapipa waliniuliza kama nimeanza kuingiza gongo. Mtoto alikunywa maji ya Ihanda miezi mitano, akatapika maji ya Ihanda miezi mitano.

Aliyelitatua ni shangazi. Alikuja kumwona mjukuu, akakaa pembeni ya kitanda, akaitazama ile rafu kwa muda mrefu.

“Haya yote ni ya kwake?”

“Ya kwake, shangazi. Watu wanatupenda.”

“Na anayala?”

“Anajitahidi.”

“Kwangu hali vitu hivi,” alisema. “Kwangu anakula ugali wa ulezi na majani ya maboga. Kwangu anakimbiza mbuzi. Nyie huku mnamlisha vya harusini, halafu mnashangaa anakaa kama yuko msibani.”

Nilikuwa nimefungua mdomo nimweleze habari ya maji. Nikaitazama na mimi ile rafu.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilisimulia kwa namna nyingine. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Ulaya nilifanya kazi kwenye utafiti wa kimataifa wa magonjwa ya utumbo. Ni kweli. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kubandika lebo kwenye mirija ya damu. Na utafiti wenyewe ulihusu ugonjwa mmoja tu, unaoitwa siliaki. Mwenye ugonjwa huo akila ngano, kinga ya mwili wake inakosea adui, inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vijinyweleo vya ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala, kisha vinaisha. Mtu anakula anashiba, na mwili unakufa njaa. Ugonjwa unafuata ukoo, kwa sababu kuna vinasaba fulani ambavyo bila hivyo haumpati mtu, ingawa wengi wanavyo na hawaumwi maisha yao yote. Ukutani kwenye maabara ile palikuwa na picha ya suke la ngano lililopigwa mstari mwekundu. Kwa miaka mitatu nilinywa chai chini ya picha hiyo, na mkate mkononi.

Kwa nini sikukumbuka? Kwa sababu huko walituambia ni ugonjwa wa Wazungu, na mimi niliandika hivyo kwenye daftari nikapigia mstari. Mtu mweusi pekee kwenye maabara nzima nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa upande wa lebo.

Siku hiyohiyo nikaisafisha rafu. Biskuti nikampa mlinzi, ambaye hadi leo anadhani nilikuwa namwongezea mshahara. Mtoto akawekwa kwenye ugali, wali, ndizi, viazi na maharage. Kisha nikaenda kwenye chumba cha intaneti, nikamwandikia mkuu wangu wa zamani, mama mmoja daktari aliyekuwa akiongoza utafiti ule. Alijibu kesho yake. Alisema mtoto apimwe damu. Akaomba, kama ukoo utaridhia, na ndugu nao wapimwe vinasaba, kwa kuwa huenda wapo wengine wanaoumwa kimyakimya, na vitabu vyao havikuwa na mtu hata mmoja kutoka kwetu.

Unaweza kuuliza, kama mtoto alishaanza kupata nafuu, kipimo cha nini? Basi hujaishi kwetu. Mke wangu hakuamini hata kidogo kwamba mkate unaua. Jirani hakuamini. Mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa akigawa maandazi, alinitazama kama niliyeasi. Mtoto alikuwa akipewa kipande huku, kipande kule, kwa huruma. Bila karatasi yenye mhuri, angelishwa mkate kwa upendo mpaka tumzike.

Lakini mke wangu alikuwa na sharti lake. Yeye ni Mnamwanga wa upande wa Chitete, na watu wa huko hawapindishi maneno.

“Umesema ni kitu cha ukoo?”

“Ndiyo. Vinasaba.”

“Basi ukoo wako utangulie. Damu ya mwanangu haitoki humu ndani kwenda Ulaya peke yake kama yatima. Wakitoa wao, nitamshika mkono nimtolee na yeye. Wasipotoa, tunabaki na maji yako ya Ihanda.”

Ndipo nikajikuta mbele ya vitanda vya kahawa, nikiwa nimekuja na muuguzi wa hospitali kubwa, fomu za ridhaa na kasha la barafu, na baba mdogo akinipa ahadi yake ya kutonipa hata tone. Hakuwa mjinga. Miaka ile ulikuwepo uvumi wa watu wanaouza ngozi na damu za binadamu ng'ambo ya mpaka, na hapa alikuwa mtu wa ukoo, anayeishi mpakani, amekuja na barafu.

Nilitoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilitaja utumbo mwembamba, kinga, protini. Nilipomaliza baba mdogo akauliza, “Na hiyo damu itarudi lini?”

“Damu hairudi, baba.”

“Mmesikia wenyewe,” akawaambia watu.

Akasimama shangazi. Ni mfupi, kwa hiyo ilichukua muda watu kujua kwamba amesimama.

“Mimi sitoi damu,” alisema. “Mtu hatoi damu yake bure, si ng'ombe. Mimi ninaazima. Hapa kwetu mtu akikuazima jembe unalirudisha pamoja na udongo wake, tujue ulilima wapi. Wewe nakuazima damu, na utanirudishia mwenyewe, hapahapa, ulichokikuta ndani yake. Si kwa barua, si kwa kumtuma mtu. Ukishindwa, usikanyage Ihanda hata nikifa.”

Akamgeukia muuguzi, akanyoosha mkono.

Baada yake wakaja mmoja mmoja, na kila mmoja kabla ya sindano alisema kwa sauti, “Naazima.” Muuguzi alidhani ni sala. Kumi na sita walitoa, na pamoja nami tukawa kumi na saba, kwa kuwa shangazi alisema mkopaji naye atie chake. Baba mdogo alitoa wa mwisho kabisa, akiwa ametazama pembeni, na akasema, “Hili ni tone moja.” Lilikuwa mirija miwili kama ya wenzake. Hakuna aliyeandika orodha zaidi ya zile fomu. Shangazi alishika wote kichwani, nani alikaa kando ya kitanda gani cha kahawa.

Niliporudi Tunduma mke wangu alitimiza ahadi. Alimshika mtoto mkono, akaangalia dirishani.

Kusafirisha ile damu ni kisa kingine. Mimi ninayeishi na mawakala wa forodha nilidhani najua kusafirisha. Vibali vya kupeleka damu nje ya nchi vilichukua muda mrefu kuliko safari ya kahawa yote ya Mbozi. Wakala mmoja, rafiki yangu, aliniuliza mzigo ni nini.

“Damu.”

“Ya ng'ombe?”

“Ya baba yangu mdogo.”

“Hiyo ina ushuru mkubwa,” akasema.

Majibu ya mtoto ndiyo yalitangulia. Hana siliaki.

Niliisoma ile barua pepe mara sita. Nikamwandikia daktari kwamba maabara yao imekosea, na kwamba mimi nilipokuwa pale mambo kama hayo hayakuwa yakitokea. Akajibu kwa swali moja: siku alipotolewa damu, mtoto alikuwa akila ngano?

Hakuwa akila, ukiacha vile vipande vya huruma. Nilikuwa nimemwondolea miezi minne kabla. Nilitaka aende kwenye kipimo akiwa na afya nzuri, nisiaibike. Kumbe kipimo kinatafuta alama za vita, na mimi nilikuwa nimeshawarudisha askari nyumbani. Jambo hili lilikuwa limeandikwa kwenye fomu ya kila mgonjwa kule Ulaya. Lebo za fomu hizo nilibandika mimi.

Daktari aliandika kwamba alama za vinasaba mtoto anazo, lakini wengi wanazo. Kujua kwa hakika, arudishiwe ngano kila siku, wiki sita, kisha apimwe tena na kuangaliwa utumbo kwa kamera.

Ninajivunia mengi, na wiki zile sita si mojawapo. Kila asubuhi mimi mwenyewe nilikata vipande viwili vya mkate wa Nakonde. Nilikataa mtu mwingine afanye.

“Baba, ulisema mkate ni sumu.”

“Nilisema.”

“Sasa mbona unanipa?”

“Ili tuwaonyeshe watu.”

“Si tungewaambia tu?”

Wiki ya tatu mashavu yalikuwa yamekwisha. Wiki ya nne mama yake alisimama mlangoni akaniambia, bila kupandisha sauti, “Kwenye hiyo diploma yako, somo la kumuua mtoto polepole mlisoma mwaka wa ngapi?” Nikakata mkate. Wiki ya tano mtoto hakuweza kutembea hadi chooni. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi hivi kwamba mikono yangu, iliyojiandaa kwa uzito, ilimrusha juu kidogo, naye akacheka. Nilimwambia mke wangu kwamba tukifika mwisho na jibu likawa lilelile, atamchukua mtoto aende naye Ihanda moja kwa moja, na mimi nitashusha kibao changu mlangoni. Alisema hilo la kibao nisisahau.

Jibu halikuwa lilelile. Alama kwenye damu zilikuwa nyingi mno, na kamera ilionyesha utumbo umekwanguliwa kama sufuria ya wali. Daktari wa hospitali aliandika kwenye karatasi jina la ugonjwa na maneno haya: asile ngano, shayiri wala chochote kitokanacho navyo, maisha yake yote. Akagonga mhuri. Nilitoa nakala nyingi. Moja nilimpelekea mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye alianza kumwekea mtoto karanga. Moja niliibandika juu ya kitanda, pale ilipokuwa rafu. Mke wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, kisha akachukua mikate yote iliyobaki akaipeleka kwa mlinzi. Ndani ya mwaka mtoto alirefuka hivi kwamba sare ya shule ilionekana ya mdogo wake.

Majibu ya ukoo yalikuja baadaye sana, kila moja kwenye bahasha yake. Langu nilifungua la kwanza, kwa kuwa nilijua halina kitu.

Lilikuwa na kitu. Vinasaba, ndiyo. Na zile alama za vita pia, nyingi.

Sebuleni kwangu kuna picha yangu ya Ulaya. Nimekonda, macho makubwa, vitabu mkononi. Kwa miaka yote nilikuwa nawaambia wageni, hiyo ndiyo sura ya mtu anayesoma kwa bidii. Tumbo lililonisumbua miaka mitatu niliita vidonda vya masomo. Nilikuwa nikibandika lebo kwenye damu za watu, nikila mkate, nikikimbilia chooni, na hakuna aliyefikiria kunipima, nami sikufikiria.

Nilikwenda Ihanda Jumamosi moja, kahawa ikiwa vitandani, na mke wangu na binti yangu. Shangazi aliita watu kwa mpangilio wa vitanda vyao, bila kukosea hata mmoja. Nilimpa kila mmoja bahasha yake pembeni, nikamweleza taratibu kwa lugha ya nyumbani, mpaka akasema ameelewa. Wengi walikuwa wanavyo hivyo vinasaba na wako wazima. Dada mmoja, mtoto wa baba mkubwa, ambaye tangu aolewe mjini hajawahi kuwa na afya, alisikia kwamba anaumwa kama binti yangu, akaketi chini, akaniuliza kama na keki ya harusi yake ilihusika.

Baba mdogo hakuwa na kitu. Alitembea na ile bahasha kwenye vitanda vyote.

“Safi,” alikuwa akisema. “Tone langu, safi. Na la msomi je?”

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimepanga kulieleza hilo kitaalamu.

“Langu linaumwa,” nilisema. “Mtoto amerithi kwangu.”

Baba mdogo alifungua mdomo. Mke wangu, ambaye kwao walikuwa wametuhumiwa na ukoo wetu miaka mitatu kwamba wametuletea mtoto mbovu, alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ule mkate kama mtu anayenifahamu. Baba mdogo akaitia bahasha yake mfukoni. Nikaongeza, ili kumbukumbu ikae sawa, kwamba kwa kadiri ninavyojua mimi ndiye mtu mzima wa kwanza kugundulika kuwa na ugonjwa huo kutoka Ihanda hadi mpakani. Hakuna aliyepiga makofi.

Alibaki shangazi. Hajui kusoma, kwa hiyo nilichuchumaa mbele yake.

“Na mimi ninacho?”

“Unacho, shangazi. Sawasawa na changu. Ila hakijakuumiza.”

“Kwa nini?”

“Hukukilisha ngano. Umekula ulezi.”

Akachukua bahasha, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake.

“Kwa hiyo ulivuka bahari,” alisema, “ukarudi, ukachukua damu yangu, ukaivusha tena, ili uje kuniambia nile ninachokula.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Haya. Umerudisha. Sasa hudaiwi.”

Akaagiza chakula. Ulikuja ugali wa ulezi, mweusi, na majani ya maboga. Binti yangu alinisogezea maji ya kunawa. Nikanawa, nikala.